Mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma kwenye meza ya samaki Bagamoyo

Mvinyo ninaoutathmini hapa ni mweupe mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, uliotengenezwa kwa zabibu aina ya Chenin Blanc zilizolimwa Dodoma, kama unavyouzwa na kuandaliwa mezani katika maduka, hoteli na migahawa ya Bagamoyo. Sipimi lebo moja wala kiwanda kimoja. Nimeonja lebo kadhaa, nyingine zaidi ya mara moja na katika nyumba tofauti za chakula, na nimekuta kwamba chupa mbili za lebo ileile, zilizonunuliwa katika mji uleule, zinaweza kupishana kwa ladha kuliko chupa za viwanda viwili vinavyoshindana. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huzaliwa kati ya mlango wa kiwanda na glasi ya mteja, na kwa sababu hiyo nitauzungumzia mvinyo pamoja na mikono iliyoupokea.

Hukumu yangu naiweka mapema. Ukiupata mvinyo huu ukiwa mzima na wenye ubaridi unaostahili, hakuna kinywaji cha zabibu nilichokiona Bagamoyo kwa bei inayokaribiana nao kinachokwenda vizuri zaidi na changu wa kukaanga au kamba wa kuchoma. Ukiupata umepigwa na joto, utadhani Dodoma haijui kutengeneza mvinyo, na hapo utakuwa umewahukumu watu ambao hawakuwepo wakati kosa linatendeka.

Mimi ni mtu wa biashara hii. Nimesimama kwenye matenki zabibu zikichachuka, nimekaa kwenye meza za kuonja ambako mvinyo hukubaliwa au hukataliwa kabla ya kutiwa chupani, na siku hizi kazi yangu ni kuwashauri wanunuzi wa hoteli na kuwafundisha wahudumu wa ukanda huu wa pwani. Hakuna kiwanda kilichonilipa kwa maandishi haya, na chupa zote nilizoonja nilizinunua kwa bei anayotozwa kila mtu. Bagamoyo ni mji ambao watu wake wengi hawanywi kileo, na ninaandika nikiliheshimu jambo hilo. Maneno haya ni kwa watu wazima wanaokunywa na kwa wenye migahawa wanaowauzia.

Ili glasi ieleweke, inabidi kwanza kulijua shamba. Katika nchi zenye majira ya baridi, mzabibu hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha huchipua na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, haina baridi ya kuulaza mmea, na kwa hiyo mkulima ndiye anayeupangia mwaka wake kwa mkasi wa kupogolea. Akishapogoa, macho aliyoyaacha huchipua, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari kuvunwa. Shamba moja huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kati ya Februari na Aprili, na mara ya pili Agosti na Septemba. Mavuno hayo mawili hayafanani. Ya mwanzo wa mwaka huiva mvua zikiwa bado zinanyesha, ubwiri vinyoya, ambao ni ugonjwa wa ukungu, ukiwinda majani na vichala, na punje zikivuta maji hadi sukari na harufu yake vikazimuliwa. Ya Agosti huiva katika ukavu, jua likiwa kali mchana na ubaridi ukishuka usiku, na ndiyo ambayo watengenezaji makini huyategemea kwa mvinyo wao mkavu.

Ubaridi huo wa usiku una thamani kubwa kuliko wanywaji wengi wanavyofikiri. Punje ya zabibu hupumua hata gizani, na inapopumua katika joto huchoma asidi yake ya maliki, ile inayofanya tufaha bichi liwe kali ulimini. Dodoma imeinuka takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo ndio unaoiokoa asidi. Zabibu ya mvinyo mweupe ikiivia kwenye joto la pwani, ambako usiku hautofautiani sana na mchana, hujaa sukari na kupoteza ukali wake, na mvinyo wake huwa mzito na mlegevu. Chenin Blanc nayo husaidia kwa upande wake, kwa kuwa ni aina inayojulikana kwa kushikilia asidi hata jua linapozidi. Asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na Afrika Kusini imeipanda kwa wingi kuliko nchi yoyote nyingine. Aliyeipeleka Dodoma alikuwa na akili ya shamba.

Mizabibu yenyewe iliingia Dodoma kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na kwa muda mrefu iliyotawala ni zabibu nyekundu iliyobeba jina la Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Bagamoyo ilikuwa imeujua mvinyo kabla ya hapo, maana Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa mwaka 1868, na misa yao haiwezekani bila divai ya zabibu. Divai hiyo ilikuja kwa meli. Mvinyo wa leo unashuka kutoka bara, ukipita nchi ya Wagogo ambayo misafara ya karne ya 19 iliipita ikielekea pwani hii hii, na safari hiyo ya barabarani nitairudia, kwa sababu ndiko matatizo yanakoanzia.

Tukija kwenye glasi, mvinyo huu ukiwa mzima una rangi ya majani makavu yenye kijani kidogo pembeni, na unang'aa pasipo wingu. Harufu ya kwanza ni ya ganda la ndimu na tufaha bichi. Ukiuacha utulie kwa dakika chache, harufu ya pera lililoanza kuiva hujitokeza, na kwenye chupa bora nilipata asali kwa mbali, jambo ambalo wapenzi wa Chenin Blanc watalitambua mara moja. Mdomoni ni mkavu kweli: ulimi haukuti sukari, asidi inachuruzisha mate pembeni, mwili wake, yaani uzito unaousikia mdomoni, ni wa wastani, na kileo chake, asilimia 12 hivi, hakiunguzi koo. Ni mvinyo safi na mnyoofu, usio na pambo la pipa la mwaloni, na ninafurahi kwamba watengenezaji wameuacha hivyo, kwani harufu ya mbao ingeufunika wepesi ambao ndio uzuri wake.

Udhaifu wake upo mwishoni. Ladha hukatika mapema. Mvinyo mkubwa hubaki mdomoni kwa muda baada ya kumezwa na huendelea kusema kitu. Huu huondoka kabla hujaufikiria vya kutosha, na chupa chache kati ya nilizoonja zilikuwa nyembamba hata katikati, kana kwamba zabibu zake zilichumwa siku kadhaa kabla ya kufikia ukomavu. Kwa macho ya mtu wa kazi hii, chanzo kikubwa ni namna zabibu zinavyonunuliwa. Mkulima huuza kwa kilo. Anayelipwa kwa uzito, bila nyongeza kwa kiwango cha sukari na uwiano wa asidi, hana sababu ya kupunguza vichala ili vilivyobaki viive kwa kina, wala hana sababu ya kusubiri wiki moja zaidi wakati ndege, wezi na ukungu wanasubiri pamoja naye. Simlaumu hata kidogo. Zabibu iliyoiva haihifadhiki, mnunuzi akichelewa huozea shambani, na wakulima wengi wasio na mkataba hulazimika kuzikamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu. Viwanda vikianza kupima sukari mbele ya mkulima na kumlipa kwa kipimo hicho, mkia wa ladha ninaoulilia utarefuka ndani ya misimu michache.

Kiwandani napo kuna jambo moja la kuangalia. Mvinyo mweupe unataka kuchachuka taratibu, katika nyuzi joto 12 hadi 18. Ukipanda juu ya hapo hamira hufanya kazi kwa pupa, na harufu za matunda hutoka pamoja na gesi zikaishia kwenye paa la kiwanda. Ukionja mvinyo mweupe usio na harufu ya tunda lolote, uliobakiwa na kileo tu, lishuku kwanza tenki lisilopozwa. Kati ya chupa nilizoonja Bagamoyo, nyingi zilikuwa na harufu ya kutosha kuonyesha kwamba matenki yalipozwa ipasavyo, na hilo ni sifa kwa watu wa Dodoma, kwa kuwa umeme wa kupoza tenki katika nchi ya joto ni gharama nzito.

Sasa nirudi barabarani. Katoni zinapakiwa kwenye lori, zinashuka Morogoro, zinafika Chalinze, na kutoka hapo ama zinakwenda Dar es Salaam kwa msambazaji kisha zinarudi kaskazini kuja Bagamoyo, ama zinapita Msata na kuingia mjini kwa barabara ya lami. Kila kituo ni siku au wiki kwenye bohari lisilopozwa. Mvinyo hutakiwa kulala katika nyuzi joto 12 hadi 14. Stoo ya kawaida ya Bagamoyo wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hupita nyuzi joto 30 mchana na haishuki kwa kiasi cha maana usiku. Kalenda nayo inaumiza, kwani zabibu bora za Agosti na Septemba zinaweza kuwa zimeshatiwa chupani ifikapo Desemba au Januari, kwa hiyo mvinyo uliotoka kwenye mavuno mazuri hufika pwani katika miezi mibaya kabisa ya mwaka.

Joto huharakisha kila kinachotokea ndani ya chupa. Salfa iliyowekwa kuulinda mvinyo huisha mapema, oksijeni hupata nafasi, na harufu ya ndimu hufa ya kwanza. Rangi huhama kutoka majani makavu kwenda dhahabu iliyofifia, kisha kahawia. Badala ya tufaha bichi unapata tufaha lililopikwa, au lile lililokatwa asubuhi likaachwa mezani hadi jioni. Chupa ikiwa na kizibo cha gome, mvinyo unaotanuka kwa joto hukisukuma kizibo nje, na unapopoa huvuta hewa ndani kupitia ufa uleule. Kwa hiyo kizibo kilichochomoza juu ya mdomo wa chupa, au chenye michirizi ya mvinyo uliokauka chini ya karatasi ya shingoni, ni ushahidi ambao muuzaji hawezi kuupinga. Kifuniko cha kusokota hustahimili zaidi, na kwa mvinyo mweupe wa kunywewa mapema naona ndicho kinachofaa pwani. Anayekidharau kwa sababu ya sura yake ajue kwamba nchi kama New Zealand hufunga nacho karibu mvinyo wake wote.

Mwanga ni adui wa pili. Katika duka moja mjini nilikuta mvinyo mweupe umepangwa kwenye rafu inayotazama mlango wa mashariki. Bagamoyo bahari iko mashariki, na jua la asubuhi linaingia dukani likiwa chini na kali, likazipiga chupa zile za kioo cheupe kwa saa kadhaa kila siku. Niliinunua mojawapo kwa makusudi na nyingine kutoka kwenye katoni iliyokuwa sakafuni nyuma ya kaunta, lebo ileile na toleo lilelile. Ile ya rafuni ilinuka kabichi iliyochemshwa. Ile ya katoni ilikuwa na ndimu yake, pera lake na ukali wake, na mwenye duka, aliponusa glasi mbili kwa zamu, hakuhitaji maelezo yangu. Amezihamisha chupa.

Nyumba za chakula zinatofautiana vivyo hivyo. Katika hoteli moja ya ufukweni chupa ilitolewa kwenye rafu ya mapambo nyuma ya baa, ikafunguliwa ikiwa na joto la mwili wa mtu, na nilipolalamika kwa upole nikaletewa bakuli la barafu ili niitumbukize ndani ya glasi. Barafu ndani ya glasi huupoza mvinyo na papo hapo huuzimua. Asidi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mvinyo huu, hupotea mnywaji akiwa hajafika nusu. Barafu inayosaidia ni ile ya kwenye ndoo, ikichanganywa na maji hadi shingoni mwa chupa, maana maji hugusa kioo chote na vipande vya barafu peke yake hugusa sehemu ndogo tu. Robo saa hivi katika ndoo ya namna hiyo, na konzi ya chumvi ikiongezwa ili ubaridi ushuke zaidi, inatosha kuitoa chupa kwenye joto la chumba hadi nyuzi joto 10 au chini kidogo. Bagamoyo, yenye mashamba ya chumvi yake yenyewe, haipaswi kushindwa na hili.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ni mgahawa mdogo wenye meza chache chini ya makuti. Nilimwuliza mhudumu, "Dada, chupa hii ilikuwa inakaa wapi kabla ya kuletwa hapa?" Akajibu bila kusita, "Kwenye friji la vinywaji, kaka. Haikai kaunta hata siku moja, bosi anaagiza katoni moja moja." Jibu hilo lina maarifa mengi kuliko orodha ndefu ya mvinyo. Kuagiza kidogo na mara kwa mara kunamaanisha kwamba mzigo haulali stoo, na mhudumu anayejua historia ya chupa amefundishwa na mtu anayejali. Alimimina robo ya glasi tu, akasubiri, akaongeza baadaye. Hivyo ndivyo inavyopaswa kufanyika pwani, kwa sababu mvinyo mweupe ukijazwa glasi nzima hupata joto la hewa kabla haujafika nusu, na mteja humaliza akinywa kitu tofauti na alichoanza nacho.

Glasi zenyewe bado ni tatizo la mji mzima. Nyumba nyingi hutumia glasi nene zenye mdomo mpana, zinazoachia harufu itawanyike, na upepo wa bahari huichukua harufu hiyo kabla haijafika puani. Anayetaka kuonja kwa makini akae upande uliokingwa na upepo, aombe glasi yenye tumbo na mdomo uliobana, na kama haipo, aifunike kwa kiganja akiizungusha, kisha anuse mara tu anapofunua. Wakati wa kusi, hewa ikiwa imepoa kidogo, mvinyo huu huonekana mzuri zaidi hata kama chupa ni ileile.

Kwenye chakula ndipo unapolipa fadhila zake zote. Changu aliyekaangwa mzima, chumvi na ndimu vikiwa vimemwingia, ana mafuta juu ya ulimi ambayo asidi ya Chenin Blanc huyafuta, na chumvi kwa upande wake hupunguza ukali wa asidi hadi harufu ya matunda isikike zaidi. Kamba wa kuchoma wana utamu wao wa asili, na pera lililomo kwenye mvinyo huu huukaribisha utamu huo. Ngisi waliopikwa haraka bila viungo vingi nao ni wenza wake wa kuaminika. Katika mikahawa ambako samaki huletwa akiwa ameshakamuliwa ndimu nyingi, ninaomba ndimu iwekwe pembeni, kwa kuwa chakula kikiwa kikali kuliko mvinyo, mvinyo huonekana maji.

Mchuzi wa nazi unahitaji uangalifu. Tui zito lina mafuta na utamu, na mvinyo mwepesi sana huzama ndani yake; nimeona chupa zenye mwili mnene zaidi zikisimama vizuri na kolekole wa nazi, na zile nyembamba zikipotea kabisa. Ukwaju mwingi huushinda. Pilipili kali haifai na mvinyo wowote mkavu wenye kileo kingi, kwani kileo huuongeza moto wa pilipili kinywani badala ya kuuzima, na hapo mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, ambao Dodoma pia inautengeneza, unastahili kuchukua nafasi. Kwa wali wa nazi na pweza aliyelainika, bila pilipili ya ziada, mkavu huu unatosha.

Wengi huniuliza kuhusu mwekundu wa Makutupora, kwa kuwa ndio ulioenea zaidi na ndio wanaoujua tangu zamani. Ni mvinyo wenye rangi nzito, tunda jeusi na ukakasi unaokaribiana na ule wa bibo, na ukakasi huo ndio unaoufanya usipatane na samaki wenye mafuta. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki, na kinywani hubaki ladha ya shombo na chuma ambayo hakuna ndimu inayoiondoa. Jodari aliyechomwa haraka nje na kubaki mwekundu ndani anaweza kuvumilia. Nguru na dagaa hawawezi. Mpe mwekundu huo mishikaki ya ng'ombe, mbuzi wa kuchoma au nyama iliyopikwa kwa mdalasini na karafuu, nao utakuwa katika nyumba yake. Na mhudumu anayesema kwamba mwekundu hunywewa katika joto la chumba akumbushwe kwamba chumba kilichokusudiwa na msemo huo kilikuwa cha Ulaya, chenye nyuzi joto 16 hadi 18. Bagamoyo, mwekundu nao unatakiwa uingie kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kufunguliwa.

Katika ununuzi, soma chupa yote. Neno zabibu juu ya lebo halitoshi, kwa kuwa kuna vinywaji vitamu vilivyoongezwa pombe kali ambavyo hukaa rafu moja na mvinyo mkavu na hubeba picha ya kichala kilekile; kileo cha asilimia 16 na kuendelea ni dalili kwamba umeshika kitu cha namna nyingine. Tafuta stempu ya kodi ya TRA na nembo ya ubora ya TBS, kisha tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi huchapwa kwa herufi ndogo. Kwa mvinyo mweupe huu ninataka tarehe isiyozidi mwaka mmoja na nusu. Zaidi ya hapo, kwa jinsi mizigo inavyohifadhiwa pwani, unacheza bahati nasibu. Ninasikitika kwamba chupa nilizoonja hazikutaja mavuno. Mahali panapovunwa mara mbili kwa mwaka, hata mwaka peke yake usingetosha, na kiwanda kitakachokuwa na ujasiri wa kuandika kwamba mvinyo huu ni wa mavuno ya Agosti kitampa mnunuzi taarifa yenye maana kuliko picha ya machweo.

Bei haihitaji maneno mengi. Ushuru wa bidhaa nchini huutofautisha mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 na mvinyo mwingine, na kwa sababu hiyo mweupe wa Dodoma hukaa chini ya ule wa kutoka nje wenye ubora unaolingana. Mgahawa unaouza wa nje peke yake unamtoza mteja gharama ya bandari na meli kwa kitu ambacho kingeweza kushuka kwa lori kutoka Hombolo, huko Dodoma, na ninawaomba wanunuzi wa hoteli za Bagamoyo waonje upya, kwa chupa iliyohifadhiwa vizuri, kabla ya kuandika orodha zao za msimu ujao.

Chupa ikifunguliwa na isimalizike, ifungwe na irudi kwenye friji mara moja. Mweupe huu hubaki mzuri hadi kesho yake, siku ya tatu harufu huwa imelegea, na baada ya hapo upeleke jikoni ukapikie kamba. Nyumba inayouza kwa glasi inapaswa kuandika kwa kalamu, juu ya lebo, tarehe ambayo chupa ilifunguliwa. Zinazofanya hivyo mjini ni chache, na huko ndiko ninakowashauri wageni waagize glasi. Kwingine agizeni chupa nzima, na ifunguliwe mbele yenu.